Eneo la ufukweni ni la taasisi: wakazi wa Lindi wadai nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya mtaa wetu hapa Lindi mjini. Kuna eneo la wazi ufukweni ambalo tumelitumia tangu tukiwa watoto. Wavuvi wanapandisha ngalawa na kushona nyavu, akina mama wanaanika dagaa na kukaanga samaki, jioni vijana wanacheza mpira. Eneo ni la taasisi moja ya umma ya usafirishaji. Sasa wamekuja kuweka vigingi vipya na wanasema watazungushia uzio. Mtaa umegawanyika. Wazee wanasema tumekaa zaidi ya miaka 12, kwa hiyo kisheria ni letu. Vijana wanataka bustani ya kupumzikia kama Forodhani ya Zanzibar. Wengine wanasema tuwaachie wajenge, ajira zije. Mkutano wa hadhara umeitishwa na taasisi itatuma watu. Tuna haki gani, na tuseme nini? Kuna vijana pia wanaotaka kwenda kung'oa vigingi usiku. Nawazuiaje? – Katibu, Lindi

JIBU: Dada katibu, nianze na hoja ya miaka 12, maana hiyo ndiyo itakayowamalizia muda mkutanoni. Wazee hawakuitoa hewani. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 kufungua shauri la kudai ardhi yake. Akilala, mlango wa mahakama unafungwa na aliyekaa juu ya ardhi hiyo anabaki nayo. Lakini hiyo ni baina ya mtu na mtu. Serikali inapodai, sheria hiyohiyo inaipa miaka 60. Halafu liko jambo la pili linalosahaulika: namna mlivyokaa. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba aliyeingia kwenye ardhi kwa ridhaa ya mwenyewe, au kwa kuachiwa tu, hawezi kugeuka baadaye akasema amemiliki kwa sababu ya muda. Kuanika dagaa na kucheza mpira mahali ambapo mlinzi anawaona na kuwasalimia ni kuachiwa. Wazee wakisimama na hoja hii, mwanasheria wa taasisi ataijibu kwa dakika mbili, na baada ya hapo kila mtakachosema kitasikika kama maneno ya watu walioshindwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: msigombanie umiliki, gombanieni matumizi. Kwenye umiliki hamna mguu. Kwenye matumizi mnao, tena imara kuliko mnavyodhani.

Umesema ni taasisi ya usafirishaji bila kuitaja, na mimi sitakisia. Kwa ufukwe wa Lindi inaweza kuwa ya bandari, inaweza kuwa ya vivuko. MV Kitunda, kwa mfano, kiko chini ya TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme wa Serikali, wakati magati ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA. Iwe yoyote, msingi ni uleule. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ameshikilia kama mdhamini. Taasisi haina ardhi. Ina haki ya kuitumia, kwa muda na kwa masharti yaliyoandikwa. Wapo watakaoruka hapo: "Si umeona, ni ya umma, ni yetu!" Hapana. Hata nyumba yako ya Mikumbi au Mtanda iko juu ya ardhi ya umma kwa maana hiyohiyo, na hutaki jirani aje kuanika dagaa sebuleni. Kilicho cha maana kwenu ni lile neno masharti.

Masharti mtayaona kwa kufanya upekuzi, yaani kuomba kumbukumbu za hati ya kiwanja. Chukueni namba ya kiwanja na kitalu kwenye mchoro wa mipango miji ulioko ofisi ya ardhi ya manispaa, kisha peleka ombi la upekuzi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Kuna ada ndogo. Karatasi itakayorudi ni fupi, mara nyingi ukurasa mmoja, na watu wengi huangalia jina la mmiliki tu wakaifunga. Shukeni chini zaidi. Tazameni ukubwa, mwaka hati ilipoanza, muda wake (33, 66 au 99), kisha mstari wa matumizi. Hati ya kiwanja kilichotolewa kwa matumizi ya bandari haimpi mwenyewe ruhusa ya kujenga hoteli, wala maduka ya kupangisha, mpaka abadili matumizi kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Utaratibu huo unapitia halmashauri, na ndipo sauti ya mtaa inapoweza kuingia kwenye faili badala ya kubaki kwenye kipaza sauti.

Msishangae upekuzi ukirudi na jina msilolijua, au usirudi na jina kabisa. Mali za bandari na reli za nchi hii zimepita mikono mingi. Mwaka 1948 zilikuwa chini ya shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikaja THA, Mamlaka ya Bandari Tanzania ya wakati huo, ile ambayo wazee wenu bado wanaitaja. Na mwaka 2005 ikazaliwa TPA chini ya Sheria ya Bandari ya mwaka 2004. Kila mara sheria ilihamisha mali kwa mrithi, lakini makaratasi ya viwanja hayakufuata kila mara. Nimekaa kwenye vikao ambapo mtu ameinua karatasi yenye jina la shirika lililokufa akidhani amepata ushindi. Hajapata. Jina la zamani kwenye hati linaonyesha uzembe wa masjala tu, haliifanyi ardhi kuwa yatima. Mnachoweza kufanya kwa haki ni kuomba taasisi ilete hati yake au waraka wa kurithi mali, na ramani ya upimaji iliyosainiwa. Wakisita, andikeni ombi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inawapa siku 30 za kujibu.

Hoja ya pili nitakayowatahadharisha nayo ni ile ya "eneo limelala". Najua mtaitumia, kwa sababu ni kweli limelala. Tena Sheria ya Ardhi inataja ardhi iliyotelekezwa kwa miaka isiyopungua miwili kuwa mojawapo ya sababu za Rais kufuta hati. Kwa kiwanja cha mtu aliyehamia Dar es Salaam, hoja hiyo ina meno. Kwa taasisi ya umma, watakujibu kwamba wameliweka akiba, na kwa Kusini jibu hilo si la kupuuza hata kidogo.

Fikirieni Mtwara. Gati la kina kirefu la Mtwara, mita 385, lilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya karanga. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulikuwa umeshakufa kabla gati halijamalizika. Reli iliyoanzia Mkwaya, hapo kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikaenda Nachingwea na kuunganishwa na Mtwara, ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yakang'olewa. Kwa miongo mingi bandari ile ilikuwa kubwa kuliko mzigo wake. Mtu angesimama Mtwara mwaka 1985 akasema "eneo hili limelala, tugawieni", asingekuwa mwongo. Kisha ikaja gesi, ikaja saruji, ikaja makaa ya mawe ya Ruvuma, likajengwa gati jipya la mita 300, na tangu msimu wa 2023/24 Serikali imetaka korosho za Kusini zisafirishwe kupitia bandari hiyo. Msimu ukichanganya, malori yanajaa na kila kipande cha ardhi kinatafutwa. Makaa nayo yamezua mjadala wa vumbi, ndiyo maana bandari ya mizigo michafu ikapangiwa Kisiwa Mgao, mbali na mji.

Mtu wa mipango wa taasisi anajua historia hiyo, na akija Lindi anaona Likong'o, mahali unapongojewa mradi wa kusindika gesi, anasema: tukitoa ufukwe leo, kesho tutaununua kwa bei gani? Hana kosa kufikiri hivyo. Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili, na huo ndio wenu. Kati ya gati kujengwa na gati kujaa mizigo, maisha ya watu yamepita. Mtoto aliyezaliwa reli ikifungwa leo ni mzee wa miaka 60 na zaidi. Kuweka akiba si sababu ya kufunga. Akiba inaweza kutumika wakati inangojewa, ilimradi anayeitumia akubali kwa maandishi kwamba siku ikifika atapisha. Hili ndilo la kusema mkutanoni, tena mseme mapema, kabla ya mtu kusimama na kusema "mababu zetu".

Sasa kuhusu uzio. Kuna sheria mbili zinagongana hapo, na zote mbili mzijue.

Ya kwanza ni ya mazingira. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto, au zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira ya eneo hilo. Sheria ya Ardhi nayo inaitaja mita 60 hiyohiyo kwenye kifungu cha ardhi hatarishi. Bandari kwa asili yake haiwezi kukaa mita 60 kutoka majini, kwa hiyo gati na miundombinu yake hupita kwa tathmini ya athari za mazingira. Ukuta wa tofali usiohusiana na chombo chochote cha majini, huo mna haki ya kuuliza: tathmini iko wapi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamesema nini?

Pimeni wenyewe kabla ya mkutano. Msipime maji yakiwa yamekupwa, maana ghuba yenu ina maji mafupi na bahari huondoka mbali sana. Mtapata kipimo cha kuchekesha. Ngojeni bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, mwende asubuhi baada ya maji kujaa. Mtaona mstari wa mwani mkavu, vifuu na vipande vya makuti ulioachwa na maji. Sisi wapimaji kwa kawaida huanzia hapo mwisho wa maji makuu. Shikeni tepu ya mita 30, vuteni mara mbili kwenda bara, pigeni picha mahali mita 60 inapoishia na ilipo mistari ya vigingi vyao. Picha hiyo ina uzito kuliko hotuba.

Ila angalia, dada: kisu hicho kina makali pande zote. Mita 60 inayokataza ukuta wao inakataza pia banda la saruji la kukaangia samaki, na inakataza jukwaa la zege ambalo vijana wenu wa bustani wanaliota. Chanja za kuanikia dagaa zinazoondolewa, mabenchi ya mbao, miti ya kivuli, goli la mirunda, hivyo si vya kudumu. Kama kuna mikoko pembeni ya eneo hilo, iacheni kabisa. Mikoko ni hifadhi ya misitu, na mkikata hata fito moja ya goli mmewapa sababu ya kuwafukuza.

Sheria ya pili ni ya ulinzi wa bandari. Watawaambia uzio ni sharti la kimataifa. Ni kweli kwamba baada ya mashambulizi ya Marekani ya mwaka 2001, Shirika la Kimataifa la Bahari lilitunga kanuni za ulinzi wa meli na bandari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Ndiyo sababu wazee wenu wanakumbuka kuingia gatini wanavyotaka, na ninyi mnakutana na geti. Lakini kanuni hizo zinahusu sehemu za bandari zinazohudumia meli zilizo kwenye safari za kimataifa, meli za abiria na za mizigo kuanzia tani 500 za ujazo. Hazisemi kila kiwanja chenye hati ya bandari kizungushiwe ukuta. Swali lenu liwe jepesi na la adabu: je, eneo hili limo ndani ya mpango wa ulinzi wa bandari ulioidhinishwa? Hamhitaji kuonyeshwa mpango wenyewe, ni wa siri kwa sababu za haki. Mnahitaji ndiyo au hapana, kwa maandishi. Ikiwa hapana, hoja ya kimataifa imeondoka mezani na inabaki hoja ya gharama na usumbufu, ambayo inajadilika.

Na hapa nataka muwaelewe upande wa pili, kwa sababu nimefanya nao kazi. Meneja wa kituo haogopi ngalawa zenu. Anaogopa mtoto azame akichezea eneo lenye jina la taasisi yake, aandikwe barua. Anaogopa mkaguzi wa hesabu akute vibanda juu ya mali ya umma bila mkataba. Anaogopa zaidi kwamba leo kuna chanja kumi, mwakani kuna gereji na baa, na mwaka wa tatu kuna watu wanaodai fidia. Hofu ya tatu ina msingi, tumeiona sana nchi hii. Mkienda na majibu ya hofu hizo tatu mmeshavuka nusu ya njia.

Kwa hiyo ombeni nini? Ombeni ruhusa ya matumizi ya muda, ya maandishi. Si upangishaji, na si mgao. Mkataba wa pango unazaa haki juu ya ardhi, na taasisi itaukimbia kwa sababu utahitaji vibali vya ngazi za juu. Ruhusa ya matumizi haizai haki juu ya ardhi, kwa hiyo ni rahisi kutolewa. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kuondolewa pia, ndiyo maana lazima iandikwe muda na notisi. Ruhusa ya mdomo msiipokee hata ikitolewa kwa tabasamu mbele ya mkuu wa wilaya. Meneja huhamishwa. Anayekuja hajui lolote, naye ataanza upya na vigingi.

Kamati ya mtaa si chombo kinachoweza kusaini mkataba wa namna hiyo kwa uhakika. Mwombaji awe manispaa, na ndani ya mkataba BMU ya wavuvi, yaani kikundi chao cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ambayo inatambuliwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ipewe usimamizi wa sehemu ya vyombo, na mtaa usimamie sehemu ya jioni. Maneno ya ombi yasizidi nusu ukurasa. Mfano: "Tunaomba kutumia sehemu ya kiwanja tajwa iliyo upande wa bahari, kama ilivyoonyeshwa kwenye mchoro, kwa kupandisha na kutengeneza vyombo vya uvuvi, kuanika dagaa kwenye chanja zinazoondolewa, michezo isiyohitaji ujenzi, na kupita kwa miguu wakati wote. Hatuombi umiliki. Hatutajenga chochote cha kudumu. Tutakapotakiwa kupisha mradi ulioidhinishwa, tutapisha ndani ya miezi sita tangu kupokea notisi ya maandishi, na taasisi pamoja na manispaa watatuonyesha mahali pengine pa kupandishia vyombo kabla ya muda huo kwisha." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtakayopigania. Nyingine zote watazikubali. Muda wa miaka mitano unaanza vizuri. Wakisema mmoja, semeni mitatu, na msikubali mmoja, kwa sababu hakuna atakayenunua hata ndoo ya takataka kwa ruhusa ya mwaka mmoja.

Ikiwa hawataki kabisa watu wakae, bado kuna ombi dogo kuliko hilo, ambalo ni njia. Sheria ya Ardhi ina sehemu inayoruhusu kuanzishwa kwa njia ya umma juu ya ardhi iliyo mikononi mwa mwingine. Maamuzi yake yako wizarani na ni safari ndefu, lakini kulitaja tu mezani hukumbusha kwamba kufika baharini si hisani.

Sasa ninyi kwa ninyi. Hapa nitasema wazi, na baadhi ya vijana wako watanikasirikia. Mvuvi na mchuuzi wa samaki watangulie, bustani ifuate. Si kwa sababu mapumziko ni anasa. Ni kwa sababu kijana anaweza kupumzika mahali pengine na ngalawa haiwezi kupanda mahali pengine. Mahali pa kupandisha chombo huchaguliwa na mchanga, upepo na mkondo wa maji. Kusi likivuma, fukwe zinazofaa zinabaki chache. Mama anayeanika dagaa anahitaji jua, upepo na umbali mfupi kutoka chombo kinaposhushia; msogezeeni chanja nusu kilomita, mmemwongezea gharama ya mbebaji kila siku, na dagaa ni bidhaa ya faida nyembamba. Kwa hiyo kabla ya kukutana na taasisi, kaeni kikao chenu, mgawane eneo na saa: alfajiri hadi alasiri ni la vyombo na chanja, kuanzia saa kumi jioni upande mmoja ni wa mpira. Mkienda mbele ya taasisi mkiwa mnabishana, wataandika kwenye taarifa yao kwamba wananchi hawakuafikiana, na hiyo itawatosha kuendelea na uzio.

Na Forodhani? Napenda chapati na mishikaki ya Forodhani kama mtu mwingine. Lakini bustani ile ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, mbele ya Mji Mkongwe wenye watalii wa kila siku. Waulize vijana: nani atalipa taa, choo na mfagiaji wa Lindi? Mkisema mwekezaji, mwekezaji atataka mageti na viingilio, na mtakuwa mmehamisha uzio kutoka kwa taasisi kwenda kwake.

Jambo hili si la kwetu tu. Kule Brooklyn, New York, Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, ambayo inaendesha pia treni, madaraja na viwanja vya ndege, iliacha shughuli za mizigo kwenye magati yake ya ufukweni mwaka 1983 na ikataka kuyauza yajengwe. Wakazi walikataa, wakataka bustani. Makubaliano kati ya jimbo na jiji yalipatikana mwaka 2002, na sehemu ya kwanza ya bustani ikafunguliwa mwaka 2010. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Na bei yake ilikuwa nini? Bustani ilitakiwa ijitegemee kwa fedha, kwa hiyo sehemu ya eneo ikajengwa maghorofa ya makazi na hoteli ili mapato yake yatunze nyasi. Wakazi wenyewe wamegombana juu ya maghorofa hayo kwa miaka. Leo bustani ni ya kila mtu na inapendwa, lakini haikutoka bure, na ilitoka mahali penye ardhi ya bei ambayo Lindi haina.

Wale wa mtaani wanaosema "waache wajenge, ajira zije" wasikilizwe pia, msiwazomee. Waulizeni taasisi mbele yao: kitajengwa nini, bajeti yake imetengwa mwaka gani wa fedha, na ajira ni ngapi baada ya ujenzi kwisha? Kukiwa na mradi halisi wenye fedha, mimi binafsi ningewashauri mjadili kupisha kwa masharti mazuri badala ya kuzuia. Kukiwa na uzio tu, hakuna ajira ndani ya uzio zaidi ya ya mlinzi.

Kwenye mkutano, hakikisha muhtasari unaandikwa na mwandishi wa mtaa, si wa taasisi peke yake, na karatasi ya mahudhurio ina majina na sahihi. Usomeni kwa sauti kabla ya kutawanyika. Baadaye upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aufikishe kwenye kamati ya mipango miji na mazingira ya manispaa. Watu wa Kusini tunakumbuka mwaka 2013 na vurugu za gesi ya Mtwara. Askari nao wanakumbuka. Ukiona sauti zinapanda, ahirisha kipengele hicho. Mahakama iwe ya mwisho kabisa: kuishtaki taasisi ya umma kunahitaji notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri kufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mtaa, gharama hiyo ni kubwa kuliko thamani ya kile mtakachopata.

Kuhusu vijana wa vigingi, waambie hivi. Kung'oa au kuhamisha alama ya upimaji ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, na atakayekamatwa atakuwa mtoto wa mtu wa mtaani, si kamati. Pia wataharibu ushahidi wenu. Kigingi halali kina namba, na namba hiyo lazima iwemo kwenye ramani ya upimaji iliyosainiwa. Vigingi vipya mara nyingine huwekwa nje ya mpaka wa zamani, kwa makosa au kwa makusudi, na njia pekee ya kulijua hilo ni kuvikuta mahali vilipowekwa. Wape hao vijana kazi: waende mchana, wapige picha kila kigingi na namba yake, mmoja asimame pembeni ili mahali pajulikane, waandike kwenye daftari. Halafu mlete daftari hilo ofisi ya ardhi ya manispaa, mwombe afisa alinganishe namba na ramani mbele yenu. Kama kuna kigingi kisicho na namba, au chenye namba isiyokuwemo kwenye ramani, hicho ndicho cha kwanza kuuliza mkutanoni.